Tugeuze ampli kwanza: maneno yaliyoandikwa mgongoni



Juma hili hatutaandika juu ya uji wa soya wala juu ya kalenda ya chanjo. Tutaandika juu ya ampli ya gitaa, na si upande wake wa mbele wenye vibonye vinavyong'aa, bali mgongo wake. Tunajua wengine watauliza mgongo wa ampli unatafuta nini katika gazeti la wamama. Unahusu dola 210 ambazo wamama wa korale yetu walichanga kwa miezi minane katika likelemba, zikaungua jioni moja. Unahusu pia msichana wa miaka 15 aliyerudi nyuma kutoka kwenye mikro huku amejishika midomo, na hakuweza kusema neno.

Tuanze na dola, kwa sababu ndizo zilizotangulia.

Ampli yetu ilinunuliwa Birere siku ya Ijumaa, kitu cha okazyo lakini kizuri cha kuangalia. Ilikuja mpaka hapa Lac Vert juu ya chukudu, imefungwa ndani ya kitenge ili vumbi la barabara ya Sake lisiingie. Tuliipokea kwa vigelegele. Kila mtu aliizunguka kwa mbele, huyu anageuza kibonye hiki, yule anasoma jina la kiwanda. Hakuna hata mmoja wetu aliyeigeuza.

Waya wake wa umeme ulikuwa na meno mawili bapa na la tatu la mviringo. Haukuingia katika prizi yetu. Kijana mmoja, kwa moyo mwema kabisa, akakata kichwa kile na kufunga kingine cha meno mawili ya mviringo, kama cha redio. Wakati huo ampli ilikuwa inatuambia mambo mawili kwa mara moja, nasi hatukusikia hata moja. Meno bapa ni ya Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Umeme wetu Congo ni volti 220. Na lile jino la tatu tulilolitupa tutalirudia baadaye, kwa maana lilitudai deni lake.

Tulipoiwasha, taa ndogo iliwaka na kuzima papo hapo. Kijana akafungua kifuniko kidogo nyuma, akatoa fyuzi, kile kichupa cha kioo chenye uzi ndani ambacho mafundi wetu wanaita fizible. Uzi ulikuwa umekatika. Akakizungushia ile karatasi ya fedha inayotoka ndani ya pakiti ya sigara, akakirudisha. Ampli ikawaka! Tukaimba wimbo wa kwanza kwa furaha. Katika wimbo wa pili tulianza kusikia harufu ya plastiki, halafu moshi ukatoka nyuma, na wamama wa sauti ya pili wakakimbia na watoto mgongoni.

Fundi alipofika kesho yake hakufungua kitu. Aliigeuza tu, akaweka kidole kwenye kidude chekundu kilicho karibu na mahali pa kuingiza waya. Kidude hicho kilikuwa na mfereji mdogo wa kutia bisibisi, na katika dirisha lake iliandikwa 115. Akasema, "Wamama, iliandikwa hapa." Ingetosha kukisukuma upande wa pili, pakaonekana 230, na hata senti moja isingepotea. Sasa transfo ilikuwa imeungua, na kuisuka upya ilitugharimu dola 60 nyingine pamoja na miezi mitatu ya kungoja. Miezi hiyo tuliimba na gitaa kavu la kuazima. Mzee mmoja wa kanisa alitufariji akitukumbusha kwamba Mwenda Jean Bosco alirekodi "Masanga" mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na gitaa lake la mbao tu, na dunia nzima ikamsikia. Ni kweli. Lakini Mwenda hakuwa na ngoma tatu na wamama 34 nyuma yake.

Tangu siku hiyo tumejifunza kusoma mgongo wa ampli, kidogo kidogo, kwa kumwuliza fundi kila alipokuja. Tunawaandikia hapa tuliyoyaelewa. Maneno ya nyuma karibu yote ni ya Kiingereza, lakini ni machache, nayo yanarudi yale yale kwenye ampli nyingi. Anayeweza kusoma karatasi ya dawa ya mtoto anaweza kuyasoma.

Tuanzie kwenye kona ambapo umeme unaingia. Hapo kuna kibandiko au maandishi madogo yanayotaja volti. Kama imeandikwa 220-240 V peke yake, ampli ni ya kwetu. Kama imeandikwa 120 V peke yake, usiichomeke kamwe bila transfo ya kushusha umeme, hata muuzaji akiapa. Kama kuna namba mbili na kidude cha kubadilisha, angalia dirishani kinaonyesha ipi. Na mfanye hivyo sokoni, mbele ya muuzaji, kabla ya pesa kutoka katika kitambaa. Kibandiko hicho hicho kinataja pia wati au VA ambazo ampli inakula. Hii si nguvu ya sauti. Ampli inaweza kuitwa ya wati 100 kwa sauti na kula zaidi ya hapo kwenye prizi.

Namba hii ya mwisho inafaa kwa wale wanaotumia jenereta. Yetu ni ndogo, ya VA 950. Ampli inakula 180, kinanda 20, mikseri 40, bafle ya mikro 300. Jumla ni 540, na tunabaki na nafasi. Lakini siku ya arusi moja, mama mmoja wa jikoni alichomeka birika ya umeme ya wati 2000 katika ralonji ile ile, apate chai ya wageni haraka. Jenereta ilikohoa, taa zikafifia, ikazima katikati ya bibi arusi kuingia. Hatumlaumu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ralonji ile ilikuwa na hesabu.

Jenereta ina utaratibu wake. Iwashwe kwanza, iachwe itulie, ndipo ampli iwashwe. Kabla ya kuizima au kabla haijaishiwa esanse, ampli izimwe kwanza. Na umeme wa mjini ukikatika katika ibada, zima ampli na uchomoe waya, usingoje. Umeme ukirudi, mara nyingine unarudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua vyombo.

Sasa fyuzi. Kwenye kifuniko chake imeandikwa kitu kama T2A 250V. Namba 2A ni ampea mbili. Herufi T maana yake ni fyuzi inayovumilia kidogo wakati wa kuwasha, na F ni ile inayokatika haraka. Unapobadilisha, chomoa kwanza waya kutoka kwenye prizi, kisha weka ile ile, herufi na namba. Bei yake sokoni haifiki bei ya sabuni. Ampli nyingine zina kisanduku kidogo chini ya mahali pa kuingiza waya, na mara nyingine ndani yake kuna fyuzi ya akiba. Fyuzi ikikatika mara mbili, kuna ugonjwa ndani, na hapo ni kazi ya fundi. Fyuzi yetu ilikatika ili kuokoa transfo. Sisi tukaifunga mdomo kwa karatasi ya sigara.

Ndani ya ampli tusiingize mkono, hata ikiwa imechomolewa. Kuna vyombo vinavyoweka umeme kama chungu kinavyoweka joto, na katika ampli za lampe umeme huo unaweza kuua mtu muda baada ya kuchomoa. Sisi ni watu wa mgongo. Tumbo ni la fundi.

Sasa tulirudie jino la tatu.

Ampli iliporudi kutoka kwa fundi, transfo ilikuwa mpya na kidude chekundu kilionyesha 230. Lakini waya ulikuwa ule ule wa meno mawili. Ulikuwa mwezi wa nne, mvua tangu asubuhi, na sakafu ya kanisa letu ni mawe ya volkano na saruji nyembamba, kwa hiyo miguu yote ilikuwa imelowa. Msichana wetu anayejifunza gitaa alishika nyuzi, akasogea kwenye mikro ili aanzishe wimbo. Midomo yake ilipogusa chuma cha mikro, alirushwa nyuma. Gitaa lilianguka. Tulidhani amepagawa, na mama mmoja alianza kuomba kwa sauti. Ni papa mmoja aliyekuwa mlangoni ndiye aliyekimbia kuchomoa ralonji. Msichana alikuwa mzima. Midomo ilibaki na ganzi mpaka jioni, na mkono wa kushoto ulitetemeka siku mbili. Mama yake alisema gitaa basi. Hatukuwa na neno la kumjibu.

Haya ndiyo fundi aliyotueleza, naye alichora chini kwa makaa. Jino la tatu la waya linakwenda katika ardhi, ndiyo maana mafundi wanaliita tere. Ndani ya ampli limefungwa kwenye chuma chote cha sanduku. Nyuzi za gitaa nazo, kupitia waya wa gitaa, zimeunganishwa na chuma hicho hicho. Maana yake, anayeshika nyuzi ameshika sanduku la ampli, hata akiwa mbali nalo mita tano. Ndani kukivuja umeme na jino la tatu lipo, umeme unashuka katika ardhi na kikata-umeme kinakata. Jino likikosekana, umeme unabaki juu ya chuma na juu ya nyuzi, ukingoja njia. Mikro imeunganishwa na chombo kingine, mikseri, ambayo inaweza kuwa na tere yake. Midomo ikigusa, mtu mwenyewe anakuwa ndiyo njia.

Hili si jambo la Lac Vert peke yake. Mwezi wa tano 1972, mjini Swansea kule Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi Stone the Crows, alikufa jukwaani mbele ya watu alipogusa mikro huku ameshika gitaa lake. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme lisilokuwa na tere nzuri. Hao walikuwa watu wa kazi, wenye vyombo vya bei.

Kwetu Goma kuna shida ya zaidi. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano, kila mmoja wetu aliyejaribu kuchimba choo anajua. Mawe hayo makavu hayapitishi umeme vizuri kama udongo mwororo wenye maji. Fimbo ya tere inayogongwa katika udongo wa Masisi kwa dakika chache, hapa inakataa kuingia, na hata ikiingia inaweza isifanye kazi. Mafundi wazuri wanachimba shimo pana, wanatia makaa na chumvi pamoja na udongo uliobebwa kutoka pengine, wanamwagia maji, na wanaunganisha fimbo zaidi ya moja. Prizi nyingi tunazoona zina nafasi ya tere, lakini nyuma yake ukutani hakuna waya wowote. Prizi ya namna hiyo inadanganya.

Kwa hiyo tulifanya mambo matatu. Tuliweka upya waya wa meno matatu, na ralonji pia ya meno matatu, kwa sababu ralonji ya meno mawili inakata tere njiani. Tulimlipa fundi wa umeme atengeneze tere nje ya ukuta wa kanisa na kuweka kwenye kibao kile kikata-umeme cha miliampea 30 ambacho wanakiita diferansieli. Hicho kinakata hata pale tere ilipo dhaifu, umeme ukianza tu kupita kwa mtu. Kilikuwa ghali kuliko tulivyotaka, na tulijadiliana juma zima kama tukinunue hicho au sare za Pasaka. Mama prezidenti alisema sare zitangoja. Na la tatu, tulinunua kipimo kidogo cha umeme, cha kuweka katika mkoba. Kabla ya mtu kusogea kwenye mikro, tunakiweka kwenye volti za umeme wa nyumbani, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye chuma cha mikro. Kikionyesha karibu na sifuri, tunaimba. Kikionyesha makumi ya volti, hakuna anayegusa kitu mpaka fundi aje. Pia tunachomeka vyombo vyote vya sauti katika prizi moja, si gitaa huku na mikro kule.

Tuhame sasa kwenye upande wa sauti, ambako hakuna kifo lakini kuna hasara.

Utaona tundu lililoandikwa SPEAKER, na kando yake namba yenye alama ya omu: 4, 8 au 16. Hapo sauti inatoka kwenda kwenye bafle. Katika ampli yenye bafle ndani ya sanduku moja, kama yetu, mara nyingi kuna waya mfupi uliochomekwa hapo. Usiutoe kwa kusafisha na kusahau kuurudisha. Ampli za lampe, zile ambazo ukichungulia nyuma unaona vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya machungwa, zikipigwa bila bafle zinaweza kuunguza transfo ya kutolea sauti. Zenyewe mara nyingi zina kibonye cha pili kilichoandikwa STANDBY. Washa cha kwanza, ngoja kama dakika moja vichupa vipate moto, halafu cha pili.

Omu tumezielewa kwa bidoni. Bafle ni kama tundu la bidoni ya litre 20. Omu 16 ni tundu jembamba, maji yanatoka kidogo. Omu 4 ni tundu pana, yanatoka mengi. Ampli ndiyo mama anayejaza bidoni hiyo kwa ndoo bila kupumzika. Tundu likiwa pana kupita nguvu zake, anachoka na kuanguka. Bafle mbili za omu 8 zikiunganishwa pamoja ni matundu mawili katika bidoni moja, kwa hiyo zinakuwa omu 4. Tatu zinakuwa chini ya 3. Mgongo wa ampli yetu unasema isishuke chini ya 4. Basi tunaweza kuongeza bafle moja ya 8 juu ya ile ya ndani ya 8, lakini si mbili, hata kama mwenye arusi anataka sauti ifike Mugunga. Kwa ampli ya lampe ni vizuri namba zilingane kabisa: bafle ya 8 kwenye tundu la 8. Na chunguza pia tundu lenyewe, maana katika ampli nyingine ukichomeka bafle ya nje, ile ya ndani inanyamaza.

Jambo lililotudanganya zaidi ni nyaya. Waya wa gitaa na waya wa bafle vina vichwa vilivyo sawa, jeki ile ile nene. Fungua kifuniko cha jeki uone. Waya wa bafle una nyaya mbili nene zinazofanana. Wa gitaa una uzi mmoja mwembamba katikati, umezungukwa na nyuzi zilizosukwa kama mkeka. Ukitumia wa gitaa kwa bafle, unapata moto na unaweza kuyeyuka. Ukitumia wa bafle kwa gitaa, utasikia mvumo kama nyuki. Sisi tumeshona vipande vya kitenge: chekundu kwenye waya wa bafle, kijani kwenye waya wa gitaa. Hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukosea.

Kutoka SPEAKER usipeleke waya kwenye mikseri hata siku moja. Nguvu ile itaichoma. Tundu la mikseri ni LINE OUT, au lile lenye pini tatu ndogo ndani kama la mikro, lililoandikwa DI OUT. Hapo sauti inatoka ndogo na tulivu, mikseri inaipokea bila shida. Kando yake kunaweza kuwa na kibonye GROUND LIFT. Mikseri ikivuma, kibonyeze, mvumo mara nyingi unakwisha. Kibonye hiki kinakata tere ya waya wa sauti tu. Mtu akikuambia kwamba dawa ya mvumo ni kukata jino la tatu la umeme, mwonyeshe mlango.

SEND na RETURN ni mlango wa kutokea na mlango wa kurudia. Vijana wanaweka hapo vyombo vya kuongeza mwangwi: waya kutoka SEND unaingia kwenye chombo, na kutoka kwenye chombo unarudi RETURN. Hata kama huna vyombo hivyo, mlango huu unafaa kujulikana. Mwaka jana ampli yetu ilianza kupoteza sauti, inakuja na kutoka. Tulikuwa tayari kukusanya pesa za fundi. Yeye mwenyewe alituambia kwa simu: chukueni waya mfupi wa gitaa, mchomeke upande mmoja SEND, wa pili RETURN. Sauti ikarudi. Ndani ya tundu la RETURN mna vyuma viwili vinavyogusana wakati hakuna kilichochomekwa, na vumbi letu lilikuwa limevikalia. Kuchomeka na kuchomoa jeki mara kumi, ampli ikiwa imezimwa, kulisafisha. Gharama ilikuwa dakika tano za simu.

FOOTSWITCH ni kwa kanyagio la mguu, linalobadilisha sauti laini na kali. Gitaa haliingii hapo.

Na kitenge. Tulishona kimoja kizuri cha kufunika ampli, chenye jina la korale. Kinafaa siku za juma, kwa vumbi na mende. Lakini nyuma ndiko joto linakotoka, kwa hiyo kabla ya kuwasha kitenge kinaondolewa, na ampli inawekwa mbali na ukuta, angalau nafasi ya mtu kupitisha mkono. Tuliona aibu kukiondoa siku ya wageni. Tumezoea.

Sisi tunaofundisha tunaona jambo moja darasani. Wasichana wanajibu somo la umeme vizuri kabisa kwenye karatasi. Lakini ukitoa betri, nyaya na balbu juu ya meza, wavulana wanasimama na wasichana wanasogea nyuma kuwaachia nafasi. Hakuna aliyewaamuru. Katika korale ilikuwa vilevile: pesa za wamama, waya za vijana. Kwa hiyo tuliamua wamama wanne na wasichana watatu wajifunze mgongo wa ampli mpaka waweze kuunganisha kila kitu bila kuita mtu. Kila mmoja alichora mgongo huo katika kayee, na matundu yote na majina yake, kama tunavyochora mwili wa mdudu katika darasa la sita.

Yule msichana aliyerushwa na mikro alichora mchoro mzuri kuliko wote. Mama yake alikuja kuangalia kipimo kikionyesha sifuri kati ya nyuzi na mikro, akakishika mwenyewe, akapima mara ya pili na ya tatu, ndipo akamrudishia gitaa.

Mwezi uliopita tulialikwa kuimba katika kanisa jirani. Ampli yao ilikuwa tayari, kubwa kuliko yetu, na papa aliyeisimamia alikuwa amekwisha kutuwekea waya wa gitaa mkononi. Msichana akasema, "Papa, samahani, tuigeuze kwanza." Papa alicheka, lakini aliigeuza. Volti zilikuwa 230, fyuzi ilikuwa sawa, bafle ilikuwa ya omu 8 kwenye tundu la 8. Jino la tatu la waya lilikuwa limekatwa na kufunikwa kwa skochi nyeusi. Tuliimba na gitaa kavu siku hiyo, wapiga ngoma wakapiga kwa viganja tu, na papa yule ameomba kayee ya msichana aikopi.